Aliyenifungulia Blogu Ndiye Aliyeanika Msiba Wangu

Admin, jina langu naomba lisionekane popote. Nina miaka ishirini na tisa, nimezaliwa Litembo kwenye familia ya wakulima wa kahawa, na nimeolewa huku chini, kando ya Ziwa Nyasa. Naandika nikiwa na hasira, mkiona maneno yamekaa vibaya mnivumilie.

Napenda kuandika tangu nikiwa shule. Mwaka jana nikatamani kuwa na blogu yangu, niandike maisha ya kwetu: mama alivyotufundisha kuchimba ngolo, yale mashimo tunayolimia milimani, na nilivyohangaika kuzoea ukweni. Ila blogu inafunguliwaje, sikujua. Jirani yetu ni mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, na mume wangu humwita kaka. Nikamwomba anifundishe.

Akanijibu, "Shemeji, wewe andika tu. Mambo ya kufungua niachie mimi."

Akaifungua kwa barua pepe yake na nywila yake, akaniingizia kwenye simu yangu. Nilimuuliza kwa nini tusitumie barua pepe yangu. Akacheka. "Utasahau nywila wiki ijayo, tuanze upya." Nikaona ananisaidia.

Mwanzoni nilifurahi sana. Nilipandisha habari ya ngolo, na dada mmoja wa Mbuji, kule kule milimani kwetu, akaandika kwamba nimemkumbusha bibi yake. Maoni yale niliyasoma mpaka nikayakariri.

Baadaye nikajifungua mtoto wa kiume. Aliishi siku mbili. Muuguzi alimbatiza, akapata jina, na mimi nilimnyonyesha. Siku ya kumzika nilikuwa nalia, mama mkwe akawaambia wanawake walionishika, "Msimwache alie hivyo. Huyo hajawa mtu bado."

Wiki kadhaa baadaye niliyaandika yote, maneno yake yalivyokuwa, ili yanitoke kifuani. Sikuyachapisha. Niliyaacha kwenye rasimu, ambako hakuna anayeona isipokuwa mwenye blogu. Sikuwahi kufikiria kwamba mwenye blogu si mimi.

Mwalimu aliyasoma, akayachapisha bila kuniuliza, akayapa na kichwa chake cha habari: "Mkwe Asiye na Huruma." Nilijua kupitia wifi yangu. Yeye ndiye aliyewasomea wanawake kwa sauti pale wanapoanika usipa, dagaa wa ziwa letu, na mama mkwe alikuwa katikati yao, mikono imejaa samaki. Alikuja nyumbani hajanawa. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Hakuitikia. Akasema tu, "Kumbe ndivyo unavyonitangaza," akaondoka.

Nikamfuata mwalimu shuleni, nikamwambia ayaondoe maneno yale siku hiyo hiyo. Mnajua alinijibu nini? "Shemeji, hicho ndicho kilichosomwa kuliko vyote. Watu wanapenda vitu vya namna hiyo. Andika vingine." Nilipomwambia nitamshtaki kwa mume wangu, akabadilisha nywila. Sasa siwezi hata kuingia. Blogu ina picha yake, na habari ya ngolo, ya mama yangu mimi, imeandikwa jina lake.

Mume wangu ndiye ameniumiza zaidi. Huyo kaka yake hajamgusa hata kwa neno. Badala yake ananiambia mimi, "Mwombe mama msamaha. Sema ulitunga, yaishe." Kuna kikao cha ukoo Jumapili baada ya misa, na wanataka niyaseme hayo mbele ya watu wote.

Kumwomba mama mkwe msamaha kwa aibu aliyoipata, niko tayari, hata kwa magoti. Hakustahili kusomewa vile hadharani, na mimi sikutaka asomewe. Lakini kusema nilitunga siwezi. Nikisema hivyo nitakuwa nimekubali kwamba siku zile mbili hazikuwepo.

Wewe unayetaka kuanza blogu, tafadhali, fungua kwa barua pepe yako mwenyewe, nywila uijue wewe peke yako, hata kama kujifunza kutakuchukua mwezi mzima. Anayekuambia umwachie kila kitu, mkatalie.

Wenye ujuzi wa mitandao, kuna namna ya kumfanya aondoe maneno yangu? Na nyie mlioolewa mkakaa na wakwe, niambieni: Jumapili nikisimamishwa mbele ya ukoo, niseme nini kuhusu mwanangu?