Mtende Uliotafuna Adhuhuri

Kidonda cha mtende mbichi kina harufu yake. Siku ya kwanza ni kama majani baada ya mvua, siku ya pili unaingia utamu, na kwa joto la Hatta, milimani Dubai, ikipita wiki inakuwa kama togwa lililochacha, mate yanajaa mdomoni huku tumbo linakataa. Mimi sikusoma sana, chuoni nilimaliza juzuu moja tu, basi nikipotea njiani mnivumilie. Tulikuwa tumetoka Unguja, nina miaka minane hivi, na binamu yake Baba, ambaye shughuli zake zilikuwa Deira mjini, alitupa nyumba ya mawe kule milimani, tumwangalizie shamba lake la mitende. Mama alikuwa mja mzito na joto lile lilimtesa. Kwetu joto lina upepo. Lile lilisimama tu, kama mtu mlangoni asiyebisha hodi. Akataka banda la makuti mbele ya nyumba, kama la kwao Makunduchi, apate pa kulala mchana. Minazi haikuwepo. Baba akaupanda mtende mrefu uliokuwa karibu na mlango, katikati ya kiangazi, akakata makuti ya kijani kwa panga, mengi, kisha akaliegemeza banda kwenye shina la mtende ule ule. Jirani yetu Bi Moza, mwenyeji wa pale aliyewahi kuolewa Unguja na kurudi na Kiswahili cha kugombania, alikuwa akipita na mbuzi wake, akasimama.

"Salum, unaukata mti mbichi kwenye joto hili? Ngoja baridi. Sasa vidudu vinaruka, vitafuata harufu."

"Bi Moza, mimi nimekulia juu ya minazi. Kwetu tunakata mwezi wowote."

"Basi kakate minazi," akasema, akaondoka na mbuzi wake.

Tulicheka sana. Lakini vidudu vilikuja kweli, jioni vikijigonga ukutani kama mtu anayetupa vijiwe, asubuhi havionekani. Na adhuhuri ya Hatta, niwaambie, ilikuwa ikinitisha kuliko usiku. Watu wamelala, mbuzi wamelala, milima imekuwa myeupe kwa jua, husikii hata nzi. Mama alilala chini ya banda, nami ubavuni mwake, kichwa nimekiegemeza kwenye shina. Hapo ndipo niliposikia mtu anatafuna. Polepole, kama mzee asiye na haraka anayekula muwa, anapumzika kidogo, anaanza tena. Nikiinua kichwa, hakuna kitu. Nikikirudisha, anatafuna. Nikamwambia Mama. "Ni tumbo lako, umekula tende nyingi," akasema, akageukia upande wa pili. Nikamwambia Baba. Yeye aliweka sikio, nikauona uso wake unabadilika. Akafukiza udi, akasoma Yasini huku kiganja kikiligonga shina taratibu. Alipoanza, sauti ilikoma. Alipomaliza na kusema amin, ikarudi. Baba alinitazama mimi badala ya kuutazama mti, na mpaka leo sijui kwa nini. Kuukata hakuthubutu, mti si wake. Akamsihi Mama alale ndani, Mama akasema ndani ni tanuri, na jini anayekula muwa wake hajamgusa mtu.

Siku moja sikusikia kitu. Nikaweka sikio juu, nikaweka chini, kimya. Kimya kile kilinitisha kuliko kutafuna. Ningemwambia nini Mama, kwamba mti umeshiba? Nikajishika tumbo nikalia kilio cha uongo, nikamvuta kanga mpaka akanyanyuka akinitukana, maana alikuwa na ulimi, akaniingiza ndani anitafutie mvuje, dawa ya tumbo. Bado anapekua kibweta, mlango ukaingia giza. Upepo haukuwepo. Mtende ulikatika na kulala juu ya banda taratibu, kama mtu aliyechoka anayekaa kitako. Tulipotoka tuliuona moyo wake: unga wa majimaji, na funza weupe, watoto wa vidudu vile, wanene kama dole gumba la Baba, wakijigeuzageuza juani. Mama aliutazama mkeka wake chini ya gogo, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Tumbo limepoa?" Nikasema limepoa. Hakuniuliza tena maisha yake yote.

Tangu hapo Baba alikuwa akipogoa mitende baridi ikishashika, vidudu vimelala, anaondoa makuti makavu, ya kijani anayaacha, na kila kidonda anakisiliba udongo. Haya nayasema mwaka wa elfu mbili na kumi na sita, nimeshakuwa bibi, naishi Al Rigga, huko Deira, na mdogo wangu, yule yule aliyekuwa tumboni. Chini ya jengo letu kuna mitende, na mwezi wa saba nilimkuta kijana wa Kiganda anaikwangua kwa mashine. Nikamwambia angoje baridi. "Bibi, arbab amesema leo," akanijibu, yaani tajiri wake, "nikingoja baridi nitangojea kwetu Masaka." Simlaumu. Alipoondoka niliweka sikio kwenye shina la mmoja, nikasikia magari na viyoyozi vya hoteli, basi. Labda mti ulikuwa mzima. Zamani nilikuwa na kimya cha kusikilizia. Siku hizi hata ukitafunwa mpaka uishe, nani atajua. Mdogo wangu anapenda benchi lililo chini ya mtende ule, kuna kivuli. Nimemweleza kisa hiki mara nyingi, anasema hakumbuki. Atakumbukaje. Namshika mkono tunavuka barabara.

"Dada, huku kuna jua."

"Najua," namwambia, na tunakaa juani.