Mzigo Ulioandikwa Mlangoni

Rafiki yangu ndiye aliyenifundisha tofauti ya kuvuta na kubeba. Nilikuwa taniboi wake, yaani utingo, kwenye lori la masafa marefu, kijana niliyetoka kidato cha nne bila mpango wowote, na yeye alikuwa dereva aliyenizidi miaka michache. Tulikuwa tukitoka Mombasa na kontena nyuma, tukienda Malaba, na kila tulipopanga foleni kwenye mizani ya barabarani alinipa somo lile lile. Injini itavuta karibu kitu chochote ukikubali kuiumiza, alisema. Lakini uzito unaokaa juu ya ekseli ni habari nyingine. Huo ndio unaovunja springi na kuinua pua ya gari mpaka usukani unakuwa mwepesi mkononi, na siku ya mteremko unakumbuka kila kilo uliyoidharau.

Nilimwamini. Maisha ya lori yanataka uamini mtu. Yeye akirudi kinyumenyume mimi ndiye niliyekuwa macho yake, na mimi nikiingia chini ya gari yeye ndiye aliyekuwa ameshika breki.

Lori hilo lilikuja kuuzwa na sisi tukashuka. Yeye alifungua karakana ya kuchomelea Kinoo, pale chini kidogo ya Waiyaki Way, akitengeneza mageti na madirisha. Mimi nilihamahama: Eldoret, Kisii, Thika, Nairobi tena. Mwishowe nilikuwa na gari dogo la mizigo, nikipeleka karatasi na wino wa printa kwenye ofisi za katikati ya jiji, na nilipanga chumba cha nyuma katika boma la mama mmoja mjane huko Kilimani. Nilikuwa na kazi, lakini kila nikiona lori likipanda Waiyaki Way kuelekea magharibi, mguu wangu wa kulia ulikuwa ukijisogeza wenyewe.

Ndani ya boma hilo, chini ya mti wa parachichi, kulikuwa na trela. Ilikuwa nyumba kamili: kitanda, jiko la gesi, sinki, madirisha yenye pazia. Marehemu mume wa yule mama aliiagiza kutoka ng'ambo akisema atakapostaafu watazunguka nchi nzima. Alistaafu, akaugua, akafa, na trela haikutoka getini hata siku moja. Mimi nilikuwa nikiiosha Jumamosi bila kutumwa. Nilikuwa nikikaa ndani yake mchana, mlango wazi, nikijiona nimeegesha kando ya Ziwa Victoria.

Kisha yule mama akauza boma kwa watu wa kujenga magorofa. Aliniita verandani akanipa makaratasi ya trela.

"Ichukue, mwanangu," alisema. "Wewe peke yako ndiye uliyewahi kuiosha. Lakini itoke kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Baada ya hapo wanaleta matingatinga, na hao hawaulizi."

Sasa, trela ile haikuwa ya kufungwa nyuma ya bampa kama zile ndogo. Shingo yake ilikuwa imeinuka. Ilitakiwa ipite juu ya mkia wa pikapu na ikae katikati ya bodi, juu ya sahani ya chuma ambayo watu wa malori huiita gurudumu la tano. Kwa hiyo sehemu ya uzito wake ingebebwa na pikapu yenyewe, juu ya ekseli ya nyuma. Nilimpigia rafiki yangu simu. Nani mwingine ningempigia?

Alikuja siku hiyo hiyo na mizani mbili za muuza chuma chakavu. Tuliziweka chini ya miguu ya mbele ya trela, tukasoma, tukajumlisha.

"Mia tano na hamsini," alisema, akipiga mluzi. "Shingo ya fahali hii."

"Basi tunatafuta pikapu ya kubeba mia tano na hamsini."

"Wee! Hiyo ni shingo peke yake, buda. Weka sahani, hiyo ni kilo mia. Weka wewe na hiyo kitambi umenunua Kilimani. Weka sufuria, weka maji, weka tairi ya akiba. Tafuta tani moja kwenda juu. Chini ya hapo unajitafutia kaburi."

Naandika maneno hayo kwa sababu aliyasema mwenyewe, kwa mdomo wake, chini ya mti wa parachichi.

Baada ya wiki alirudi na pikapu. Ilikuwa nyeupe, kuukuu lakini safi, na sahani ya chuma ilikuwa tayari imechomelewa kwenye bodi, kazi nzuri, kazi yake. Mlangoni, kama ilivyo desturi ya magari ya mizigo hapa kwetu, palikuwa pameandikwa kwa rangi nyeusi uzito wa gari likiwa tupu, na chini yake mzigo linaoruhusiwa kubeba: kilo 1200. Kile kibati cha kiwandani kinachokaa kwenye nguzo ya mlango, ambacho hueleza mambo hayo hayo, hakikuwepo. Yalibaki matundu mawili ya riveti. Niliyaona matundu hayo. Nikafunga mlango.

Alitaka gari langu dogo na mimi nilitaka pikapu, kwa hiyo tulibadilishana funguo pale pale. Alinikumbatia. "Sasa utaenda," aliniambia.

Siku nne kabla ya ile Jumamosi, nilipeleka pikapu mjini kwa mwandishi wa mabango, kule chini ambako wauza vipuri wamejaa hadi barabarani. Nilitaka aniandikie jina langu na mji wa kwetu mlangoni, kwa kuwa hilo nalo linatakiwa. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia iliyojaa madoa ya rangi. Alilizunguka gari akitabasamu.

"Boss, hii gari naijua. Umechukua kwa yule mzee wa Kinoo wa kuchomelea?"

"Ndiyo."

"Na si rangi yangu imekaa vizuri!"

"Rangi gani?"

"Hiyo namba. Niliandikia hapa hapa, mwezi huu tu. Ilikuwa na mia saba. Akaniambia futa, weka elfu moja mia mbili. Nikamuuliza, mzee, kwani hii gari imekula nini?" Alicheka peke yake. "Akaniambia imekunywa uji."

Sikucheka. Aliniangalia, brashi ikiwa mkononi.

"Kwani ulikuwa hujui?"

"Nilijua," nilisema.

Sijui kwa nini nilimdanganya. Nadhani niliona aibu kwa niaba ya watu wawili. Niliketi ndani ya gari na kupiga hesabu kwenye goti. Shingo mia tano na hamsini, sahani mia moja, mimi themanini. Mia saba na thelathini. Pikapu ilikuwa imeshapita uwezo wake kabla sijatia hata kijiko. Na njia niliyokuwa nimepanga ilikuwa ya kushuka ule mteremko wa kwenda Mai Mahiu, trela ikinisukuma kutoka nyuma.

Nilimkuta Kinoo akichomelea geti. Alisukuma kinyago juu ya kichwa.

"Niaje, msafiri!"

"Umefuta mia saba ukaandika elfu moja mia mbili."

Hakukana. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani amekuambia?"

Akavua glavu moja, akaivaa tena.

"Sikiza. Lete gari kesho, nikuongezee majani mawili ya springi kila upande. Watu wote wanaongeza. Haitalala tena."

"Wewe ndiye ulikuwa unawacheka wanaoongeza. Ulikuwa unasema wamevalisha maiti suti. Springi itasimama, na breki je? Ekseli? Chesisi?"

"Usinifundishe kitu mimi ndiye nilikufundisha."

"Basi nirudishie gari langu."

"Liko Machakos kwa shemeji. Nilimpelekea Jumapili. Nilikuwa nimemwahidi gari dogo la kubeba nyanya."

"Ulimwahidi lini?"

Alishusha kinyago, akakiinua tena, nami nikaelewa kwamba alimwahidi kabla ya mizani, pengine kabla hata sijapiga simu. Alikuwa na pikapu iliyomshinda kuuza na shemeji aliyemngoja, kisha mimi nikatokea.

"Kwa nini mimi?" nilimuuliza. "Nairobi yote hii."

Aliangalia geti lake. "Wengine wangeuliza kibati kiko wapi."

Mpaka leo nalisikia jibu hilo. Lilikuwa la kweli. Mtu mwingine yeyote angetaka kujua kibati kimeenda wapi.

"Na mimi ningeshuka Mai Mahiu na hiyo namba yako ya uji."

"Sikudhani utaenda," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha bila kutaka kulitaja neno lenyewe. "Kusema ukweli. Kila mwaka unasema unaenda. Nilijua utaivuta pole pole mpaka hapa Kinoo, nikupe nafasi ndani ya karakana, ukae. Tungekuwa tunakunywa chai."

Nafikiri hilo liliniuma kuliko namba. Namba ilikuwa tamaa, na tamaa naifahamu. Lakini alikuwa amenipima pia, na akaona sina mzigo wa kwenda popote.

Siku tatu zilizobaki nilitafuta gari la kuvuta. Nilipata dereva wa kichwa cha lori, cha zile trela za kontena, kilichokuwa kinapanda bila mzigo kwenda Naivasha Jumamosi, ambako mkewe alikuwa akiwapikia madereva. Sahani yake ingeishika shingo ile bila hata kuitambua. Swali lilikuwa aipeleke wapi. Rafiki yangu aliniandikia ujumbe: geti langu ni pana, ilete. Niliusoma zaidi ya mara moja. Hakukuwa na mwingine mwenye geti la upana huo, si kwa watu ninaowajua mimi. Kama ningesema ndiyo, ningebaki na nyumba yangu.

Jumamosi asubuhi alikuja mwenyewe, bila kuitwa, na glavu na spana. Dereva wa lori hakuwa ameona miguu ya trela ya aina ile, kwa hiyo ni sisi wawili tulioishusha na kuiinua mpaka shingo ikalingana na sahani. Nilisimama nyuma, nikampa rafiki yangu ishara za mkono akizungusha miguu. Kushoto. Kidogo. Hapo. Hatukukosea hata mara moja. Mikono yetu ilikuwa bado inaaminiana. Nilitamani ikosee.

Shingo ilipoingia na kubana, dereva alichungulia dirishani.

"Kinoo ama wapi, mkubwa?"

Rafiki yangu aliinama kufunga kisanduku cha spana. Hakuinua uso.

"Umesema mkeo anapikia madereva Naivasha," nilimwambia yule dereva. "Jiko lina vichomeo vitatu. Iwe yake."

Alidhani namtania. Nilimpa makaratasi. Trela ikapita getini kwa mara ya kwanza tangu ilipoletwa, matawi ya parachichi yakikwaruza paa, pazia zikicheza, ikakata kona bila shida yoyote.

Tulibaki sisi na pikapu. Matingatinga yalikuwa yameshasimama nje, vijana wa ujenzi wakinywa chai.

"Unapitia Kinoo?" aliniuliza. "Nipeleke basi."

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kwenye bodi kulikuwa na godoro, begi moja na jiko la makaa.

"Imejaa," nilimwambia.

Alitazama kiti, akatazama bodi. Kisha akaweka kisanduku cha spana begani na kutoka kwa miguu kuelekea barabarani.