Galaksi Aliyoitafuta Kaka Yangu

Mwaka tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa, upande wa Mtinko, kaka yangu alikuja likizo kutoka Ulaya, alikokuwa akisomea nyota. Nyumba yetu ilikuwa bado haijaezekwa. Alasiri moja tulikaa ndani ya kuta, mbingu tupu juu yetu, akatoa picha kubwa kwenye bahasha.

"Mbona nyota ni nyeusi?" nikamwuliza. Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu juzijuzi tu.

"Picha hizi ndivyo zilivyo. Mbingu inageuka nyeupe."

Baba aliinama, akaitazama kwa muda mrefu. "Kama uwele uliomwagika," akasema kwa Kinyaturu, akarudi kwa ng'ombe wake.

Kaka akaniwekea kidole kwenye nukta moja. Ile, alisema, ni kwasa, kitu king'avu kilicho mbali kupita nyota zote tunazoziona. Nuru yake ukiitandaza kama upinde wa mvua, unakuta mistari myeusi. Ni gesi iliyo njiani imemeza rangi za mahali hapo.

"Wenzangu wanasema gesi hiyo imetoka kwenye kwasa yenyewe. Mimi nasema ni ya galaksi, kundi la nyota zisizohesabika, iliyosimama kati yetu na kwasa. Ila lazima niione."

"Umeitafuta sana?"

"Mpaka naiota."

Basi tukawa tunaitafuta wote kwenye picha, mimi nikitoka kufundisha shuleni, yeye akitoka kukandika kuta. Jua lilishuka taratibu, vumbi la ng'ombe waliokuwa wakirudi likielea juu ya vichwa vyetu, likageuka rangi ya asali. Nikifumba macho niliiona ile mbingu nyeupe, pana, kimya, nami nikitembea ndani yake bila kuchoka.

Siku moja nikaona doa kando ya kwasa, hafifu kama pumzi kwenye kioo.

"Hili je?"

"Nimeliona," akasema polepole. "Naliogopa. Huenda ni galaksi ya karibu tu. Nikirudi Ulaya nitaipima nuru yake peke yake. Umbali wake ukilingana na ule unaoonyeshwa na ile mistari, ndiyo yenyewe."

Akaondoka. Tukaezeka, tukalima shamba la kijiji, tukavuna. Mara nyingine, katikati ya somo la hesabu, nilijikuta nimenyamaza na chaki mkononi, nikiliwaza lile doa, mpaka wanafunzi wakaanza kucheka.

Baada ya mavuno ya pili alishuka kwenye lori bila kutuarifu. "Shikamoo mama," akasema, mzigo ungali begani. Kisha akanigeukia.

"Ndiyo yenyewe, dada. Umbali ni uleule."

Nikaketi chini palepale, nikalia huku nacheka. Mama alitutazama, mmoja baada ya mwingine.

"Kuna nini?"

"Kaka amempata aliyekuwa akimtafuta, mama."

"Mchumba?"

"Galaksi, mama," kaka akajibu.

Mama akafikiri kidogo. "Haya, hata huyo," akasema, akaenda kukamata kuku.