Kolera ya Uongo ya Mama Generose

Leo nawasimulia Generose, mkausha ndagala, dagaa wa ziwa letu, wa hapa Kavimvira mjini Uvira, na kwa heshima yake sitaongeza kitu. Mkiona nimeongeza, semeni ulimi wa koko, bibi yenu mzee, uliteleza.

Mwaka ule vita vilikuwa vimepumzika kidogo, kama mlevi anayekaa njiani kabla ya kuendelea na fujo. Parokia ikaamua ukuta wa ukumbi wake uchorwe historia ya mji. Komite ikakaa. Mchoraji, Papa Sévère, akaanza kwa makaa kabla ya rangi: ziwa, mashamba ya pamba ya bondeni, ng'ombe wa milimani, machifu wawili. Ikabaki nafasi karibu na mlango, ya kumtosha mtu mmoja. Nikasema hapo ni pa Generose.

Maana katika vita vya kwanza, askari walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba, Generose alitufungia chumbani kwake. Tulikuwa watu kumi na mmoja, wa Runingu, wa Rurambo kule milimani na wa hapa hapa, na wengine wetu huko nje tulikuwa hatusalimiani tena. Akamwaga chokaa kizingitini, akatuwekea ndoo moja, akasema, "Lieni tumbo." Kisha akatoka kuwapokea askari.

"Ingieni tu, wanangu. Iko kolera. Wawili wamekwisha kufa."

Askari waliitazama ile chokaa, inayomwagwa penye kolera, wakaenda zao. Uvira hii, hata mwenye bunduki anaiogopa kolera.

Ubaya ni mimi. Kwa miaka nilikuwa nikisimulia kwamba askari walikuwa mia nne, wakakimbilia ziwani, na kiboko akatoka majini amevaa kofia ya komanda. Watu walicheka, nami nikanogewa. Basi niliposimama mbele ya komite, mwenyekiti, Papa Ndayiragije, aliniuliza:

"Koko Agnès, kiboko tumuchore wapi?"

"Kiboko muache. Generose ni wa kweli."

"Na askari walikuwa mia nne?"

"Sita."

"Juzi walikuwa mia nne."

"Juzi nilikuwa nimeshiba."

Ukumbi mzima ukacheka. Wakaamua: kama hadi Jumapili sijaleta shahidi mwingine, ile nafasi itachorwa daraja. Nikamwendea Generose aje ajisemee. Aligeuza ndagala zake juani, akasema, "Muntu anajisifu kwa kufungulia watu mlango? Niache nifanye kazi."

Siku ile niliona aibu kweli. Mtu aliniokoa, nami nikamfunika kwa kiboko.

Wa hapa hapa tuliofungiwa pamoja walikuwa wamekufa au wamehama, basi nikapanda Rurambo kwa miguu hii, siku mbili, nikimtafuta Pontien, mfugaji aliyekuwa amebanwa nami kwenye kona ya chumba kile. Tangu vita vile alikuwa hajakanyaga mjini. Aliogopa, na alikuwa na sababu. Nikamweleza. 

"Ni Generose anaitaji?" akauliza.

"Ni yeye."

Akaenda kutafuta fimbo yake.

Jumapili, Pontien alisimama mbele ya komite akiwa ameshika chupa ya maziwa. Akasema, "Tulikuwa kumi na mmoja. Askari sita. Huyu koko alilia tumbo vibaya, kama anayeimba harusi, karibu atuuze kwa askari. Generose akawaambia kwamba huyu ndiye anayekata roho." Akavuka ukumbi hadi kwa Generose, aliyekuja aliposikia Pontien ameshuka, akampa yale maziwa kwa mikono miwili. Papa Ndayiragije alivua kofia. Hakuna aliyecheka.

Sévère akamchora amesimama mlangoni, chokaa miguuni. Rangi ilipokauka, Generose alikuja na sinia lake kichwani, akatazama sana.

"Umeninenepesha, Papa Sévère."

"Mama, nafasi ilikuwa pana."

Sasa anauzia ndagala zake pale pale, chini ya picha. Kila asubuhi naenda kuwashukuru wote wawili. Naanza na yule wa ukutani, ananisikiliza hadi mwisho. Huyu wa chini huniambia, "Weye, unanizibia jua. Nunua ao enda."

Nanunua.