Springi Niliyoiacha Wazi

Bado nina hasira, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe. Mwaka ambao wanunuzi binafsi wa kahawa waliingia Mbinga, boila ya kiwanda chetu ilihitaji vali mpya ya usalama, ile inayotoa mvuke ukizidi. Meneja alitaka yenye springi iliyofunikwa, kwa sababu ya vumbi la makapi. Nikamfokea: "Springi ya mvuke inataka hewa. Fundi ni nani hapa?" Tukafunga ya wazi.

Msimu haujaisha, vali ikafyatua mvuke ikagoma kujifunga. Nikamshukia Mama Ndunguru, mfagiaji, mbele ya wote, kwamba ameichokonoa kwa ufagio. Nikataka afukuzwe.

Boila ilipopoa nikaing'oa vali, nikaigonga mezani. Makapi ya kahawa yakamwagika kutoka kwenye springi hadi viatuni mwangu.

Mama Ndunguru akasogea na ufagio wake. "Na haya nifagie, fundi?"