Ndagala za Kumfukuza Mnunuzi

Hadi leo harufu ya rangi mbichi hunipandisha hasira. Utotoni tulipanga nyumba ya zamani ya Wabeleji, kwenye mtaa wa miti mikubwa. Miaka yote mvua ilituvujia vitandani, mwenye nyumba akisema tu, "Mungoje." Alipotaka kuiuza ndipo alipoziba paa na kupaka rangi kila ukuta.

Siku mnunuzi alipokuja kuitazama, Mama alifunga madirisha, akakaanga ndagala kavu, dagaa wenye harufu kali, ili harufu imfukuze. Akaingia papa mmoja, mzee wa heshima, mwenye abakosti, suti isiyovaliwa na tai, iliyopigwa pasi. Akavuta pumzi, akafumba macho.

"Mama, inanukia sawa kule kwetu kabisa," akasema. "Hii njo nyumba nilikuwa natafuta. Bukari ya kulia hizi ndagala haiko?" akauliza, macho yakitafuta sufuria ya ugali.