Mguu wa Karanga

Harufu ya sukuma wiki iliyonyauka hunirudisha mtaani Skuta hadi leo, jikoni mwetu mwa mabati. Ilikuwa Julai, baridi ya Nyeri imeingia mpaka kwenye mifupa, ukungu umetanda na Mlima Kenya haujaonekana wiki nzima. Nilikuwa na miaka kumi, nami kila jioni nilianika majani kando ya jiko la makaa mpaka yakauke kabisa, ndipo nimpe Karanga. Karanga alikuwa simbilisi wangu, mnyama mdogo asiye na mkia, rangi ya njugu zilizokaangwa, ambaye mwalimu jirani alituachia alipopata uhamisho. Mtaani hakuna aliyewahi kumwona mnyama wa namna hiyo, kwa hivyo wote walimwita kasungura. Baba Muthoni wa nyumba ya pili, aliyefuga sungura na kujivunia kila mmoja wao, alinipa sheria yake: "Usipatie hako kasungura majani iko na maji. Tumbo itafura, ikufe." Nikalishika neno hilo kwa mikono miwili. Asubuhi nyasi kavu, jioni majani makavu, na nikajiona mfugaji hodari.

Jumatatu moja nilirudi kutoka shule nikamkuta mdogo wangu Naliaka, wa miaka sita, amekaa kwenye ngazi amempakata Karanga. Nilimchukua Karanga nikamweka chini. Alijaribu kwenda, mguu wa nyuma ukabaki unaburuzika. Hapakuwa na kidonda wala uvimbe, lakini nilipougusa alilia kwa sauti nyembamba iliyonikata maini. "Umemwangusha!" nilimpigia Naliaka kelele. "Sijamwangusha, dada. Nimempata tu hivi." Sikumwamini, na sitadanganya hapa kwamba nilijaribu.

Baba alikuwa polisi, mtu wa Bungoma asiyependa jambo libaki bila mwenyewe. Kila jioni, kabla ya chakula, alimsimamisha Naliaka mbele ya meza, kofia yake ya kazi ikiwa pale pale juu ya kitambaa. "Naliaka, sema ukweli. Hakuna mtu atakuchapa. Ulimwangusha wapi?" Siku ya kwanza alikana, siku ya pili akakana huku analia. Mama alisema basi, mtoto ale, lakini Baba alimwambia uongo hukomeshwa ungali mdogo. Nilikaa pale nikitazama ugali ukipoa, nikitamani aseme tu yaishe. Siku ya tatu alisema, "Ni mimi. Nilimwangusha hapo kwa ngazi." Baba akaridhika. Akamkataza kumgusa Karanga tena, kisha akanigeukia: mnyama hawezi kuachwa akiteseka hivyo. Kama kufikia Jumamosi ya wiki inayofuata hatakuwa anatembea, angemmaliza yeye mwenyewe.

Wiki ile moyo wangu haukutulia hata darasani. Karanga aliacha kula, akajikunja kwenye kona ya boksi lake, manyoya yamesimama. Jumamosi ya kwanza nilimtia kikapuni, nikamfunika kwa sweta, nikaenda mjini peke yangu kwenye duka la dawa za mifugo. Dada wa duka, aliyevaa dastikoti, lile koti refu la kazi, alimkanda viungo polepole. "Anakula nini?" Nikamweleza kwa fahari: nyasi kavu, na mboga nilizozikausha vizuri kama za sungura. Akaniangalia. "Huyu si sungura. Sungura anajitengenezea vitamini C mwilini, huyu hawezi, ni kama mimi na wewe. Ukikausha mboga, unaimaliza hiyo vitamini. Hapa ni viungo vinamuuma. Mpatie sukuma ikiwa fresh, na kachungwa kadogo." Kikulacho ki nguoni mwako. Hakuna aliyemwangusha Karanga. Mimi ndiye niliyemlemaza, jani kwa jani.

Nilimlisha majani mabichi kila siku, chungwa nikimkamulia mdomoni. Naliaka alisimama mlangoni pa jikoni, mikono nyuma, akitazama bila kuvuka kizingiti. Jumamosi ya pili ilipofika Baba alirudi kutoka kazini, akaagiza mnyama aletwe uani. Nilimweka kwenye saruji, nikaweka jani la sukuma hatua tatu mbele yake. Karanga alibaki pale, pua ikimcheza, kwa muda niliouona kama mwaka. Kisha akaenda, akichechemea, lakini miguu yote minne ikikanyaga. Baba akanishika bega: "Nekesa, wewe utakuwa daktari." Nilitaka kusema. Naliaka alikuwa mlangoni, akitabasamu kwa woga. Sikusema.

Leo mimi ni mama Nairobi, na friji yangu haikosi machungwa. Sikuwa daktari. Naliaka ni mwalimu Nanyuki, mtu mpole ambaye kikombe kikivunjika chumba cha pili husema "pole, ni mimi" kabla hajaulizwa. Mwezi uliopita binti yangu alimsingizia kaka yake jambo, nami nikashindwa kulala. Asubuhi nilimpigia Naliaka simu nikamweleza yote: mboga kavu, dada wa dastikoti, kunyamaza kwangu. Nikamwomba msamaha. Akacheka kama anayembembeleza mtoto.

"Wacha, dada. Si nilimwangusha? Hata leo nakumbuka vile alilia akigonga ngazi."